Kodi za maina zenye tisa na kumi na moja: nilivyozizoea

Kwenye kinanda, bonyeza D, ruka E, bonyeza F, ruka G, endelea hivyo juu kwa funguo nyeupe tupu: D F A C E G B. Hapo una kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ya D maina (ile yenye sauti ya huzuni), pamoja na saba yake, tisa, kumi na moja na kumi na tatu, yaani noti unazozifikia ukihesabu kutoka D kama ya kwanza, na hujagusa ufunguo mweusi hata mmoja. Kuielewa si kazi. Kazi ni kuipiga ikasikika vizuri, maana noti zote saba zikilia kwa pamoja ni makelele, hasa upande wa chini wa kinanda.

Kanisani kwetu hapa Kampala kodi tatu zinatosha, watu wakaimba hadi paa litikisike. Lakini jioni nyingine tunapiga hotelini, na wageni huko wanataka jazi laini, ya kina Isaiah Katumwa, mpiga saksofoni wa Uganda. Aliyenifungua macho ni mpiga besi wetu, Mkongo anayekaa Namuwongo. Kila nilipoweka D chini, naye alikuwa ameshaiweka. Siku moja akanigeukia: "Ndugu, hiyo niachie mimi."

Nikaitoa, zikabaki F A C E. Ukizitazama, hiyo ni F meja (meja ni ile yenye sauti changamfu) yenye saba, kodi ambayo vidole vyangu vilikuwa vinaijua zamani! D ya besi ikilia chini yake, msikilizaji anapata D maina yenye tisa. Mpiga piano wa jazi Bill Evans wa Marekani aliipenda sana njia hii ya kuacha noti ya msingi. Mkono ukipanda mno naigeuza iwe C E F A; E na F zikikaa jirani zinachoma kidogo, na mimi huo mchomo naupenda.

Utamu wenyewe uko kwenye kuhama. Shika F A C E, kisha shusha C peke yake hadi B. Besi ikipiga G, tayari uko kwenye G yenye saba, tisa na kumi na tatu. Halafu F iende E, A iende G, E iende D, B ibaki palepale: besi ikipiga C, umefika nyumbani kwenye C. Mkono haujaruka popote. Zoezi hilo nilikuwa nalishusha toni moja moja (toni ni hatua ya funguo mbili, nyeusi zikihesabiwa), D, C, B flati (ufunguo mweusi ulio chini ya B), hata umeme ukikatika, kwa vile kinanda changu kinakula betri. Kitufe cha kubadilishia kii (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kipenzi cha wapiga vinanda wa kanisani, sikukigusa.

Kumi na moja haisumbui kwenye maina, kwa sababu kati ya F na G kuna toni nzima. Kwenye C meja, kumi na moja ni F, nusu toni tu juu ya E, ndiyo maana zinagombana. Ukitaka kuisikia kumi na moja ya maina ilivyo, sikiliza "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959, Evans akiwa kwenye piano. Mkono wa kushoto weka E na A, wa kulia D G B, kisha shusha zote toni moja: D G C F A. Hizo ni E maina na D maina, na zinasikika wazi, hazina uzito.

Kumi na tatu naitumia kwa kubania. B juu ya D maina inakutana na F, na noti hizo mbili ndizo zinazoipa G yenye saba sauti yake. G ikiwa iko njiani, ukiiweka B mapema umeshamwaga siri. Wimbo ukitulia kwenye D maina kwa muda mrefu, naiweka.

Halafu kuna E maina ndani ya wimbo wa C. Tisa yake ni F shapu (ufunguo mweusi ulio juu ya F), mgeni kwenye kii hiyo, na F ya kawaida inakwaruzana na E ya besi. Hapo naiacha tisa kabisa, napiga G A D, besi inamalizia.