Sanduku la Bati: Nilivyozinusuru Karatasi za Babu Mchungaji

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchungaji wa Kanisa la Methodist Kenya kwa zaidi ya miaka 30, na alipofariki nyumbani kwake Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, hakuacha mali ya kugombewa. Aliacha majoho mawili, baiskeli, na sanduku la bati la kijani ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea zamani. Sanduku hilo lilikaa stoo misimu miwili ya mvua, limebanwa kati ya majembe na gunia la chumvi ya ng'ombe, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenziwe angelishughulikia. Siku nilipovunja kufuli, mchwa walikuwa wamekwisha kupenya kwenye pembe moja ya chini iliyooza kwa kutu, nao walikuwa wamekula kiasi cha unene wa kidole.

Babu alizaliwa Ribe, kule ambako Thomas Wakefield na wenzake walianzisha misheni ya Kimethodisti mwaka 1862 wakiongozwa na Krapf, mmishenari Mjerumani. Huku kwetu Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya madhehebu mengine ndiyo yaliyotangulia: Wakweka (Quakers, yaani kanisa la Friends) walikuwa Kaimosi tangu 1902, Waanglikana walikuwa Maseno tangu 1906. Wamethodisti wengi aliowachunga babu Nakuru walikuwa watu wa Pwani na Meru walioletwa na kazi, ya reli, ya serikali au ya mashamba. Jambo lililonipa hamu ya kuanza ni kwamba kumbukumbu za wamishenari wa Kimethodisti zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, ndani ya makasha yenye nambari, ilhali za mchungaji Mwafrika aliyeipokea kazi yao zilikuwa stoo pamoja na majembe. Sikuona haki katika hilo, na bado siioni.

Nilianza kwa kuharibu. Nilizitandaza karatasi sakafuni sebuleni nikaanza kuzipanga kwa tarehe, nikijiona mtu wa utaratibu. Siku ya pili alipita jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kutunza nyaraka, akasimama mlangoni akitazama bila kuvua kofia.

"Mwanangu, hizi zilikuwa zimefungwaje?"

Nilimwonyesha kamba za viatu nilizokuwa nimezitupa pembeni. Akaniomba niache mara moja. Alinieleza kwamba mpangilio wa mwenye karatasi ni sehemu ya karatasi zenyewe, na kwamba hata kwenye makavazi ya taifa hawabomoi mafungu ya mtu ili kuyapanga upya. Kwa bahati nilikuwa nimefumua mafungu matatu tu kati ya tisa. Tuliyarudisha kwa njia ambayo singeifikiria kamwe: pini zilizoshika kutu zilikuwa zimeacha doa la kahawia kwenye karatasi iliyolalia kila pini, na ukiliweka doa juu ya doa unajua ipi ilikuwa juu ya ipi. Kazi hiyo ilituchukua Jumamosi nne.

Mafungu yaliporudi mahali pake ndipo nilipotambua kwamba kila fungu lilikuwa sakiti moja, yaani kundi la makanisa alilopewa kulichunga kabla ya kuhamishwa. Mchungaji wa Kimethodisti hakai mahali pamoja. Ni desturi iliyotoka kwa John Wesley mwenyewe, ambaye aliwazungusha wahubiri wake Uingereza nzima naye akizunguka juu ya farasi. Katika kila fungu zilikuwamo barua ya uhamisho, plani za wahubiri za miezi mitatu mitatu (ratiba za nani atahubiri wapi), risiti za mzigo wa reli, na hotuba za mazishi. Mahubiri hayakuwamo. Hayo aliyaweka peke yake chini kabisa, kwani alihama nayo.

Mahubiri yenyewe aliyaandika nyuma ya karatasi za kalenda, kwa mwandiko mdogo uliolala upande wa kulia. Nakiri kwamba mengi yalinichosha. Hazina ilikuwa kwenye pembe ya juu, ambako aliandika kila mahali alipoyatoa na tarehe yake. Hubiri moja la Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako", lina majina 11 yaliyopangwa kama ngazi: linaanza Ribe, linapita Mazeras, linapanda Kaaga na Maua kule Meru, mpaka linafika Nakuru. Wino wa juu ni wa buluu iliyopauka na wa chini ni wa biki nyeusi. Nilipoyakusanya majina ya pembeni ya mahubiri yote katika daftari moja, nilipata maisha yake karibu mwezi kwa mwezi, pamoja na mwaka 1967, kanisa lilipoacha kuwa chini ya Uingereza likawa na konferensi yake, yaani mkutano wake mkuu wa kujiongoza, naye alikuwa bado mchungaji wa majaribio.

Usafi ulikuwa kazi ya subira. Vumbi la Nakuru ni jepesi na linaingia kila mahali, kwa hiyo nilitumia brashi laini ya rangi, kavu, nikipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni. Pini zote nilizitoa. Ili kuua wadudu waliosalia, nilifunga mafungu ndani ya mifuko miwili miwili ya plastiki, nikayaweka kwa majuma mawili katika friza ya mama mmoja anayeuza samaki, na baada ya hapo nikayaacha siku nzima yaishe ubaridi kabla ya kuifungua mifuko, unyevu usije ukatua juu ya karatasi. Mama yule aliwaambia wateja wake kwamba neno la Bwana limelala juu ya tilapia.

Hasara kubwa kuliko zote niliifanya mwenyewe. Katika fungu la mwisho kulikuwa na barua ya uhamisho iliyopokelewa kwa faksi, imeanza kufifia, nami nikaipeleka kwenye duka moja la fotokopi mjini ili ifunikwe kwa plastiki. Karatasi ya faksi za zamani huandikwa kwa joto. Ilipoingia kwenye mashine ilitoka nyeusi tititi, ukingo hadi ukingo, na kijana wa dukani akanidai pesa zake. Nililipa. Barua hiyo ninayo mpaka leo, sikuitupa, lakini yaliyoandikwa yametoweka. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotiwa gundi, selotepu wala plastiki. Zote zimo ndani ya bahasha za karatasi, nambari zimeandikwa nje kwa penseli.

Picha nilizipiga kwa simu asubuhi karibu na dirisha, simu ikiwa imelazwa juu ya marundo mawili ya vitabu ili mkono usitikisike. Nakala moja iko kwangu na nyingine kwa mamangu mdogo, Mombasa.

Ubishi ulizuka juu ya bahasha moja ya kaki iliyoandikwa SIRI. Ilikuwa na barua za waumini waliomweleza babu mambo ya ndoa zao na dhambi zao. Mjomba alitaka zichomwe; mamangu mdogo alitaka zisomwe. Mwishowe tulikubaliana zifungwe kwa lakiri na zisifunguliwe kwa miaka 30, muda uleule ambao nyaraka za serikali hukaa kabla ya kufunguliwa kwa umma. Nilikuwa nimesoma barua mbili kabla hatujaelewana, na ningependa nisingezisoma.

Mwezi uliopita nilimsomea nyanya lile hubiri la Mwanzo 12. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ni mahali pangapi pameandikwa. Nikamwambia 11.

"Ni 12," akasema. "Mara ya mwisho alilitoa hapa sebuleni, mimi na yeye peke yetu, usiku tulipohamia. Andika."

Sikuandika kwenye karatasi ya babu. Niliandika kwa penseli kwenye kipande kingine, nikataja aliyenieleza na tarehe aliyonieleza, nikakiweka ndani ya bahasha ileile.