Nilivyomhama mdosi Doha bila kuitwa mtoro

Jana jioni, hapa Free Area, Nakuru, mwana wa dada yangu alinijia na kandarasi ya kazi ya ulinzi Doha, ameikunja mara nne kama risiti ya unga. Akavuta kiti karibu na jiko la makaa, akashusha sauti ili mama yake asisikie.

"Anko, nikipata mdosi mbaya huko, naweza kumhama?"

Unaweza. Mimi nilihama. Hofu yake ni ya enzi ile ambapo bila barua ya ruhusa ya mwajiri, ile tuliyoiita NOC, njia yako ilikuwa moja tu, ya kurudi erpoti. Qatar iliiondoa barua hiyo 2020. Siku hizi unatoa notisi: mwezi mmoja kama hujapitisha miaka miwili kwa mwajiri huyo, miezi miwili kama umepitisha. Hata kwenye kipindi cha majaribio ya kazi unaruhusiwa, ila mwajiri mpya humlipa wa zamani sehemu ya gharama za kukuleta, isiyozidi mshahara wa msingi wa miezi miwili. Waajiri wengi wakisikia hivyo hukuambia urudi baadaye.

Notisi haipelekwi kwa mdomo wala kwa WhatsApp. Unaiingiza kwenye mtandao wa Wizara ya Kazi ya huko. Ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu niliupiga picha, nikamtumia mke wangu na jamaa wa kitanda cha juu.

Halafu ukaanza mwezi mrefu. Niliowaona wakianguka walianguka hapa: wanatoa notisi, wanachoka kufanyiwa visa na mwajiri, wanaacha kwenda kazini. Mwajiri mwenye hasira anaripoti kwamba umetoroka, na ukishaandikwa mtoro unaweza kukamatwa, kazi mpya ukaisahau. Kwa hiyo nilienda. Walinitoa kwenye duka lenye kipupwe wakanipeleka lango la ghala, zamu ya saa kumi na mbili kwenye jua. Msimamizi akasahau jina langu, nikawa "wewe". Basi la alfajiri likaanza kuondoka mapema, basi nami nikawa nafika kituoni saa tisa na nusu usiku, najipiga picha nalo likija. Kila siku nikitia sahihi daftari la mahudhurio, naupiga picha ule ukurasa. Wenzangu walinicheka sana.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi kilikuwa hapa Nakuru. Mama hakuelewa: mshahara unaingia, unahama wa nini? Nilikuwa kwenye riyali 1,000, kima cha chini cha huko tangu 2021. Kule nilikoenda ni 1,500. Tatizo ni katikati. Kati ya mshahara wa mwisho na wa kwanza zilipita wiki saba bila kutuma hata shilingi, na shule zilikuwa zimefunguliwa. Dada yangu ndiye aliyekopa kwenye chama akanilipia karo ya binti yangu. Kijana hakuwa analijua hilo.

"Mwenye kukushikia hizo wiki saba ni nani?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Nikamwambia aikunjue tena karatasi, tutafute mstari wa majaribio. Miezi sita. Alikuwa anaihesabu kwa vidole mama yake alipoingia na sinia la ugali, naye akaikalia kandarasi haraka.