Seva imewaka, simu haioni

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda na Apache Tomcat, seva ya kuendeshea programu za wavuti zilizoandikwa kwa Java. Nilitaka kuiweka kwenye laptopu, nipandishe juu yake kiprogramu cha bei za nafaka ninachomtengenezea mama mdogo mwenye duka Morogoro, kisha nikijaribu kwa simu, maana huko dukani hakuna kompyuta.

Kuisakinisha hakuna hadithi. Java iwepo (toleo la 11 kwenda juu, kwa Tomcat 10.1), unapakua kifurushi, unakifungua kwenye folda yoyote, unaendesha startup.sh iliyo ndani ya bin, na kivinjari kikienda localhost:8080 unamkuta yule paka wa nembo yao. Kilichonichelewesha kidogo ni umri wa kiprogramu chenyewe, kwani nilikianza enzi za Tomcat 9. Oracle ilipoikabidhi Java EE (kanuni za Java za upande wa seva, ambazo Tomcat huzifuata kwa sehemu) kwa Eclipse Foundation mwaka 2017 haikutoa ruhusa ya kuendelea kulitumia jina lake ovyo, hivyo Jakarta EE 9 ya mwaka 2020, jina jipya la kanuni hizo, ikahamisha vifurushi vyake vilivyoanza na javax vikaanza na jakarta. Tomcat 10 ikikutana na serveleti (kipande cha Java kinachojibu maombi ya kivinjari) ya javax iliyotambulishwa kwa anotesheni, yaani alama ndani ya msimbo, inaipita tu. Hailalamiki, inakupa 404, yaani ukurasa haupo. Dawa ni kutengeneza folda ya webapps-javaee na kuitupia WAR yako (faili moja lenye programu nzima) humo. Tomcat inaigeuza yenyewe na kuihamishia webapps, folda yake ya kawaida ya programu. Aliyelifikiria hilo abarikiwe.

Basi kwenye laptopu kila kitu kikawaka. Chrome ina kile kidirisha cha kujifanya simu, nacho kikasema safi. Mimi kidirisha hicho sikiamini. Kinapunguza upana wa skrini na kubadilisha utambulisho wa kivinjari, lakini bado kinakaa ndani ya kompyuta ileile na kuisikia seva kupitia localhost ileile.

Kwenye simu halisi, localhost ni simu yenyewe. Kwa hiyo unatafuta anwani ya IP ya laptopu. Mimi nilikuwa nimewasha hotspoti ya simu, ikanipa ya 192.168.43 na kitu. Unafungua poti 8080 kwenye ngome (firewall) ya kompyuta, ndipo unaandika anwani hiyo simuni. (Raha yake, mazungumzo ya simu na laptopu kwa njia hii hayali bando.) Tomcat husikiliza pande zote tangu mwanzo, kwa hiyo hapo mambo yanakwenda. Anayetumia WildFly, seva nyingine ya Java, ajue kwamba yenyewe, isipoambiwa, husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani kompyuta yenyewe, inataka kuwashwa kwa standalone.sh -b 0.0.0.0, la sivyo simu itagonga mlango mpaka ichoke.

Ukurasa ukafunguka, ila ule uwezo wa kusoma bei bila mtandao ukawa umekufa. Hapa ndipo jioni yangu ilipoishia, na naona ndipo penye maana. Uwezo huo unategemea service worker, yaani skripti inayokaa ndani ya kivinjari na kutunza kurasa, na vivinjari havikubali kuisajili ila kwa HTTPS, au kwa localhost, ambayo huhesabiwa kuwa salama. Ile 192.168 yangu haikuwa hiki wala kile. Kidirisha cha Chrome kisingenionyesha hilo hata ningekitazama mwezi mzima. Njia niliyoipenda ni waya wa USB: unaruhusu utatuzi wa USB kwenye simu, kisha kwenye laptopu, kwa adb (zana ya Android ya kuongea na simu), unaendesha adb reverse tcp:8080 tcp:8080. Kuanzia hapo simu ikiita localhost:8080, inajiita yenyewe lakini anayeitikia ni laptopu. Service worker ikasajiliwa palepale, nikazima seva, bei zikabaki kwenye skrini.

Nikampigia mama mdogo kumpa habari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo inafunguka kwenye Opera Mini yangu?"

Opera Mini ikiwa kwenye kiwango cha juu cha kubana data haiendi yenyewe kuuchukua ukurasa. Seva za Opera ndizo huuchukua, zikaukamua na kuutuma simuni ukiwa mwepesi. Seva hizo haziwezi kuifikia anwani ya ndani ya nyumba yangu, kwa hiyo kwa Tomcat ya laptopu jaribio hilo halifanyiki kabisa. Lazima programu ipande kwenye seva iliyo hewani. Na ikishapanda, service worker huko haipo, na JavaScript inafanya kazi kwa mipaka.

Kwa hiyo mpango umegeuka. Orodha ya bei itatengenezwa yote na JSP, kurasa za Java zinazotoa HTML, upande wa seva, ifike simuni ikiwa HTML kamili inayosomeka hata pasipo skripti. Ile ya kusoma bila mtandao ibaki kwa wenye Chrome. Kwenye server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat, nimeongeza compression="on" katika Connector, sehemu inayopokea maombi, kwa sababu Tomcat haibani kitu mpaka uiambie, na meta ya viewport, mstari wa HTML unaoueleza ukurasa ufuate upana wa simu, nimeirudisha, maana pasipo hiyo vivinjari vya simu huuchora ukurasa kama wenye upana wa pikseli 980 na bei zinakuwa mchwa. Kesho natafuta seva ya kukodi ya bei ndogo. Mama mdogo amesema atajaribu akishafunga duka, na maharage ya njano yakae juu ya orodha.