Jioni ya fainali, kikao cha Tukuyu

Tarehe 15 Julai 2018, siku ya fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow, ukoo wetu ulikuwa na kikao Tukuyu, mkoani Mbeya, nyumbani kwa baba mkubwa. Mtoto wa mama mdogo alikuwa amepata nafasi ya kusoma Urusi kwa ufadhili wa serikali ya kule, na wazee walitaka kuamua kama aende. Mimi nilikuwa nyumbani likizo, nimetoka kumaliza mwaka wa tatu wa udaktari hukohuko Moscow. Nilijua nitaitwa kusema. Baba mkubwa, mwalimu mstaafu, aliamua kwamba mpira tutazame kwanza, maneno baadaye.

Mechi ilianza saa 12 jioni. Saa ya Tukuyu na saa ya Moscow ni moja, na hilo liliwashangaza sana wazee, maana nje kwetu giza lilikuwa linaingia, ukungu umeshuka kutoka mlima Rungwe, kila mtu na sweta lake, na kwenye luninga uwanja wa Luzhniki bado mchana. Shangazi aliuliza kama kweli picha ilikuwa ya moja kwa moja. Nikamwambia ndiyo, Julai kule jua linazama baada ya saa 3 usiku. Ufaransa ikaifunga Croatia 4-2. Wakati wa kugawa medali mvua ikamwagika, rais wa Ufaransa na rais wa Croatia wakalowa chapachapa, na baba mkubwa akasema kumbe hata huko mvua ya Rungwe inafika.

Mimi nilikuwa namwangalia mdogo wangu, huyo mwenye ufadhili. Kila kamera ilipoonyesha mitaa, watu wamejipaka rangi usoni wanaimba, alisogea mbele kwenye kiti. Nilimwelewa. Jiji lile Julai ni zuri kweli, na sikutaka kulivunjia heshima. Lakini nimeona vijana wakiondoka Mbeya wakiwa wamejazwa picha za kiangazi tu, kisha Novemba wanajifungia chumbani na hakuna aliyewaandaa. Nasi tunaorudi likizo tunapenda kusimulia mazuri, kwa sababu ndiyo nyumbani wanayotaka kusikia. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Baba mkubwa akapunguza sauti ya luninga. "Haya mama, wewe unayeishi huko. Tuambie kinachokupendeza na kisichokupendeza. Usitufiche."

Nikaanza na Desemba. Niliwaambia kwamba Desemba iliyokuwa imepita wapimaji wa hali ya hewa walihesabu dakika 6 tu za jua Moscow.

"Kwa siku?" akauliza mama mdogo.

"Kwa mwezi mzima, mama."

Nikaeleza kwamba wakati huo kunapambazuka karibu saa 3 asubuhi na jua linazama saa 10 jioni, na hizo saa chache zinafunikwa na mawingu. Unaingia darasani gizani, unatoka gizani. Theluji si tatizo. Mtu aliyekulia karibu na Makete, aliyeona umande umeganda juu ya majani ya viazi, haogopi theluji. Tena inasaidia, inaing'arisha mitaa usiku. Kinacholemea ni ukosefu wa mwanga. Unalala na bado umechoka, chakula hakina ladha, na unaanza kudhani akili yako imepungua. Nikamgeukia mdogo wangu nikamwambia: mwezi huo, hata kama hujisikii, toka nje saa 6 mchana utembee.

Shangazi alitaka kujua tunalalaje. Hapo nilikuwa na habari njema. Jiji lote linapashwa joto kwa maji moto yanayopita kwenye mabomba hadi vyumbani, na Januari tunakaa ndani na fulana wakati Tukuyu Julai tunalala na soksi. Ila joto hilo huwashwa pale wastani wa joto la nje kwa siku ukishashuka chini ya nyuzi 8 kwa siku 5 mfululizo. Ndiyo maana baridi inayonitesa kuliko zote ni ile ya mwishoni mwa Septemba, kabla hawajawasha.

Kisha nikasema ninachokipenda, na hapo nilichukua muda mrefu, kwa sababu ndicho kinachonirudisha kila mwaka. Mitihani mingi kule ni ya mdomo. Mezani kuna karatasi zimefunikwa. Unachagua moja, unakuta maswali yako, unapewa muda wa kujiandaa, kisha unakaa mbele ya profesa ana kwa ana. Alama zinaishia 5. Hakuna kukariri ukaponea hapo. Unajibu, anauliza "kwa nini", unajibu tena, anauliza tena "kwa nini", mpaka mfike mahali ambapo ama unalijua jambo au hulijui. Mwalimu wangu wa anatomia, mama mzee ambaye sote tunamwita kwa jina lake na jina la baba yake kama ilivyo heshima ya kule, alinishikilia kwenye mishipa ya shingo mpaka koo likanikauka. Kisha akaandika 5, akanisogezea glasi ya maji. Nilipotoka nilihisi nimeheshimiwa. Sijawahi kufundishwa hivyo kabla.

Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa furaha. Akatukumbusha Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, na jinsi enzi za ujana wake kupelekwa huko lilivyokuwa jambo la kuzungumzwa wilaya nzima.

"Na watu wenyewe?" akauliza mama mdogo. "Wanampokeaje mtoto mweusi?"

Nikamjibu nilivyoyaona. Wapo waliohama kiti kwenye treni nilipokaa. Yapo matangazo ya vyumba vya kupanga yanayosema wazi kwamba wanatakiwa Waslavi tu, yaani Warusi na jamaa zao. Na yupo bibi wa zamu mlangoni pa hosteli aliyenifunga skafu yake mwenyewe shingoni, akinigombeza kwa kutoka wazi kwenye upepo. Nilisema yote, sikupima lipi lizidi lipi.

Mama mdogo alikaa kimya, halafu akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mchana. "Na tukifiwa?"

Kila mtu pale alijua. Bibi yetu alifariki Februari, nami nikiwa huko. Ni baba mkubwa aliyenipigia. Tiketi haikupatikana kwa fedha niliyokuwa nayo, na hata ingepatikana, kuna kubadilisha ndege njiani, kuna Dar es Salaam, kuna barabara mpaka Tukuyu. Msiba wetu haungoji hivyo. Nilisikiliza maziko kwa simu. Nilisikia kina mama wakiimba, nikasikia sauti ya majembe. Jioni wenzangu Watanzania, Wakenya na Warundi wakajaa chumbani, wakasonga ugali wa semolina kwa kukosa unga wa nyumbani, wakakaa nami mpaka asubuhi. Nawashukuru mpaka kesho. Lakini niliwaambia wazee kwamba hicho ndicho ninachokichukia kuliko giza na kuliko matusi, na sijapata dawa yake. Baba mkubwa akainamisha kichwa. Mama mdogo akasema, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa. "Umesema."

Kisha wakamuuliza kijana mwenyewe. Alisimama, mikono nyuma kama yuko shuleni, akasema amesikia yote na bado anataka kwenda. Akaongeza kwamba mtihani wa mdomo ndio unaomtisha, na ndio anaoutamani.

Kuanzia hapo mambo yalienda haraka. Ufadhili unalipa ada na posho ndogo. Nauli na bima ni juu ya familia. Baba mkubwa akaleta daftari. Yeye akaandika fedha za parachichi zake, mjomba akaahidi nusu ya tiketi, mama mdogo akasema atauza ng'ombe. Shangazi akasema ananunua koti zito la mtumba pale soko la Sido, Mwanjelwa, Mbeya mjini, Jumatatu hiyohiyo. Nikamwomba asinunue, atoe fedha taslimu, koti la baridi ile linanunuliwa kulekule. Akakataa katakata: mtoto wake hawezi kushuka kwenye ndege hana koti. Tulibishana mpaka chai ikaletwa, na baba mkubwa akaandika vyote viwili, koti na fedha, kwa jina la shangazi.