Tovuti ya karakana ya Keko: mwezi wa nne

Jumatatu usiku. Nimefungua Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu waliandika maneno gani wakaiona tovuti yako, baada ya wiki mbili. Maneno yanayoniletea watu wengi kuliko yote ni "picha za vitanda vya kisasa". Mwezi wa pili ningechinja kuku. Siku hizi nawajua watu hao: wanachukua picha ya kitanda chetu, wanampelekea fundi wa mtaani kwao, wanamwambia "nitengenezee kama hiki". Kaka anacheka tu. Hana uchungu, picha nilipiga mimi.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: kaka ni seremala Keko, Dar es Salaam, anatengeneza vitanda na makabati ya mninga na mkongo. Mimi nina kazi yangu ya mchana, tovuti naishughulikia usiku. Miezi ya mwanzo niliipoteza kupigania neno "samani". Keko nzima inauza samani, na anayeandika neno hilo peke yake humjui anataka nini, pengine ni mwanafunzi anatafuta maana yake. Nikajaza pia maneno yale yanayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, kumbe Google walishasema tangu 2009 kwamba hawayatumii kupanga matokeo. Halafu wapo wengi mji huu wanaoandika "thamani za ndani" wakimaanisha samani. Nimekubali yaishe, nimeiweka mara moja ukurasani. Mwalimu wangu wa Kiswahili anisamehe.

Jumatano. Nimekaa na simu ya kaka saa mbili nzima, nikinakili kwenye daftari ujumbe wa kwanza wa kila mteja wa WhatsApp. Hakuna hata mmoja aliyeandika "queen size", na ndiyo niliyoiweka kwenye kichwa cha ukurasa kwa herufi kubwa! Wanaandika hivi: "kitanda cha mninga 5 kwa 6 bei gani", "godoro langu 6x6, kitanda chake kipo?", "mnaleta mpaka Mbagala?" Mtu ana godoro tayari, na godoro kalinunua kwa futi. Kitanda kinalifuata godoro.

Basi nimeandika ukurasa mmoja wa kitanda cha mninga 5x6 tu. Una picha mbili, siku za kutengeneza, usafiri wa Mbagala na Kigamboni, na bei. Hapo kwenye bei ndipo tulipogombana.

"Dogo, ukiweka bei majirani wote wataiona, kesho wanauza chini ya bei yangu."

Nikamwonyesha daftari. Neno "bei" limo karibu kila mstari. Mtu aliyeuliza bei akafika pasipo na bei anarudi alikotoka, anafungua ukurasa wa mwingine. Tumeishia kuandika "kuanzia", na ya mkongo amekataa kabisa.

Jumamosi, wiki mbili na ushee baadaye. Ukurasa umeonekana kwenye matokeo ya Google mara 41, waliobonyeza ni 6. Ule wa picha unapata zaidi ya hao kabla ya chai ya asubuhi. Lakini kati ya hao 6, wawili wamepiga simu, na mmoja, mama wa Kigamboni, alianza hivi: "Mwanangu, kile cha mninga cha tano kwa sita, bei bado ni ile ile?" Hakuuliza tuko wapi wala tunauza nini. Jana ametanguliza nusu.

Sijui aliandika nini hasa kwenye simu yake. Maneno yanayoulizwa na watu wachache mno Google huyaficha kulinda faragha, ndiyo maana ukijumlisha mibonyezo ya maneno yaliyoorodheshwa haifiki ile jumla ya juu. Mwezi wa kwanza nilidhani ni hitilafu, nikahesabu mara tatu kwa kikokotoo. Kwa duka dogo kama letu, maneno yanayofichwa ndiyo hayo hayo ya wanunuzi, kwa hiyo daftari la WhatsApp linaendelea.

Kwenye orodha ya Search Console limo swali moja jipya: "ukubwa wa kitanda 5x6 kwa mita". Nimeongeza mstari: mita 1.52 kwa 1.83. Huyu huenda amepanga chumba na anapima kama kitanda kitaingia, maana vyumba vyetu tunavijua.

Kesho naanza ukurasa wa 6x6. Kaka kashatuma ujumbe: mbao zimepanda, niibadilishe ile "kuanzia".