Kibali na rundo la mchanga

Jumamosi, jioni

Tripu mbili za mchanga nilizomwaga kiwanjani mwezi wa saba sasa zimebaki kama moja na nusu. Kuku wa jirani wanaoga vumbi humo, watoto wanachimba mahandaki, na mvua ya juzi imesomba fungu lake mpaka barabarani.

Fundi alinionya mapema. "Madam, kibali cha ujenzi cha nini? Hapa watu wanajenga tu." Hakudanganya. Mji wetu huu wa kusini una barabara moja ya lami na stendi moja. Ukishuka kwenye basi saa nne, saa tano mama yako ameshaambiwa umevaa nini. Watu wakilipwa hela ya korosho, kufikia Krismasi misingi imeshasimama kila kona, na hakuna anayeuliza. Ila mimi nafundisha Uraia sekondari. Siwezi kufundisha utawala wa sheria asubuhi, jioni nikachimba msingi kwa kujificha. Na hapa pa kujificha penyewe hakuna. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 iko wazi: eneo likishakuwa la mipango miji, huendelezi kiwanja bila kibali. Na X nyekundu ya bomoabomoa niliyoiona Dar es Salaam kwenye ukuta wa shemeji yangu sijaisahau.

Nikakusanya makaratasi. Nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi, barua ya mtendaji wa mtaa (aliniandikia kwenye kijiwe cha kahawa, muhuri akautoa mfukoni). Kilichoniponza ni michoro. Kijana mmoja wa stationari pale stendi ana ramani za nyumba kwenye kompyuta, unachagua kama unavyochagua kadi ya harusi. Nikachagua ya vyumba vitatu, kimoja masta, baraza mbele. Akafuta jina la mwenyewe, akaandika langu, akaprinti.

Afisa mipango miji ni kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. "Shikamoo madam." Akatandaza mchoro mezani, pembe akazikandamiza kwa stepla, simu na funguo za pikipiki. Akafuata mistari kwa kidole taratibu mpaka chini kabisa ya karatasi ya tatu, kidole kikasimama.

"Madam, hapa pameandikwa kiwanja kipo Kibaha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha mshale wa kaskazini: kwa kiwanja changu, baraza ile ingetazama magharibi na jua lote la jioni lingeingia sebuleni. Ukuta wa jiko nao ulikuwa umebana mpaka wa jirani, na pale inatakiwa kuachwa mita 1.5. "Nyumba ni nzuri, ila si ya kiwanja hiki." Akanirudishia faili.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Huyu nilimchangia harusi elfu thelathini mwezi wa nne, jina langu lipo kwenye orodha ya kundi la WhatsApp, na tiki juu! Dar ungemsema afisa kwenye daladala njia nzima, ukifika nyumbani umemsahau. Hapa saa saba mchana tulikutana kwa mama ntilie yuleyule, benchi moja. "Karibu madam." "Starehe." Akala wali maharage haraka haraka kama mtu anayekimbiza gari. Mama ntilie akiwa anapakua akauliza, "Kibali vipi?" na sikujua ananiuliza mimi au yeye.

Michoro mipya ikachorwa na fundi sanifu, safari hii baada ya kuja kukiona kiwanja. Afisa ardhi alikuwa semina, wiki mbili. Mhandisi alisaini akiwa amesimama mlangoni.

Afisa afya ndiye aliyekuja mwenyewe, na tepu yake. Nyumba hata hakuiuliza; alitaka kujua shimo la choo linakaa wapi. Ng'ambo ya michongoma kuna kisima cha bibi jirani, na afisa anataka choo kikae mita 30 kutoka kisimani. Mimi nikashika ncha moja pale penye kigingi, yeye akarudi kinyumenyume akiifungua tepu. Ishirini na sita. Bibi akatoka na kanga begani. "Mnapima kaburi la nani?"

Tukahamishia shimo kona ya pili, akarekebisha mchoro kwa kalamu na kusaini pembeni. Yeye akawasha pikipiki, mimi nikabaki nimesimama na kigingi mkononi. Kutoka pale kisimani nilikuwa naona vyoo vitatu vya watu, vyote karibu na kisima kuliko changu kilichokataliwa. Hakuna hata kimoja kilichowahi kupimwa. Nimeishi mtaa huu miaka tisa, nimekunywa maji kwa bibi sijui mara ngapi, na siku zote hizo sikuwahi kuvihesabu. Jioni nikamwendea, nikamwambia achemshe maji ya kunywa, asichemshe ya chai tu.

"Kuni utaniletea wewe?"

Nimempelekea mzigo mmoja. Sijui utafika wapi.

Kibali nimekipata jana, baada ya kulipia kwa simu kwa control number. Afisa mipango miji alinikabidhi kwa mikono miwili, akanikumbusha nakala ikae saiti muda wote wa ujenzi. Nikamwambia mkewe bado ananidai ile deshi yake ya keki, nitaileta Jumapili.

Kisha nikampigia fundi. Yuko kijiji cha pili, anamjengea mtu anayewahi mvua. Atarudi Jumatatu ya wiki ijayo, labda Jumatano. Kabla hajakata simu akaniuliza kama mchanga bado upo.