Siku moja maishani mwangu: kuiombea ruzuku klabu ya michezo ya watoto

Saa 11 alfajiri niko macho kabla simu haijaita. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma andiko la kuomba ruzuku. Dirisha la maombi linafungwa saa 6 usiku kwa saa za mfadhili, ambayo kwetu ni saa 4 usiku. Tofauti hiyo ya saa 2 iliwahi kutukosesha ruzuku nzima, kwa hiyo nimeiandika ukutani kwa kalamu nyekundu.

Mimi ni katibu wa klabu. Wanaoniona nimekaa pembeni ya uwanja na kompyuta wakati wenzangu wanapanga koni hudhani sina kazi. Wengine huamini ruzuku hupatikana kwa kujuana, au kwa barua nzuri ya kuomba mipira na jezi. Safari hii hatuombi mpira hata mmoja. Tunaomba mhasibu wa muda, mafunzo ya huduma ya kwanza kwa makocha, ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka na mtu wa kusimamia ulinzi wa watoto. Vitu hivi havipendezi kwenye picha, lakini klabu nyingi ninazozijua zilikufa zikiwa na mipira stoo.

Saa 1 hadi saa 3 ni viambatisho: cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ombi, taarifa ya benki. Nakagua jina la klabu herufi kwa herufi katika kila karatasi. Mwaka juzi tulikataliwa kwa sababu cheti kilikuwa na neno "vijana" na akaunti ya benki haikuwa nalo.

Saa 3 nafika kwenye swali fupi kuliko yote: wanufaika wa moja kwa moja ni wangapi? Kisanduku kinapokea tarakimu tu. Kisanduku hicho kimekula saa 4 za siku yangu.

Nachukua madaftari ya mahudhurio. La kocha wa wasichana lilinyeshewa, wino umetambaa, na baadhi ya majina nayasoma kwa kuinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Jumla napata majina 143. Nikiyapitia tena, mtoto mmoja yumo mara mbili, mara moja kwa jina la baba, mara nyingine kwa jina la babu. Wapo waliokuja siku ya bonanza tu, hawakurudi. Nampigia kocha, tunakubaliana kipimo: tumhesabu aliyefika mazoezini angalau mara 8 ndani ya miezi 3. Wanabaki 118, wasichana wakiwa 47.

Nikawatumia viongozi idadi hiyo. Mwenyekiti akapiga simu papo hapo.

"Andika mia tatu. Klabu zote zinaandika mia tatu. Nani atakuja kuhesabu?"

"Mzee, hawana haja ya kuja. Ukurasa unaofuata unauliza makocha ni wangapi. Tunao watano. Sera yetu inasema kocha mmoja kwa watoto wasiozidi 25. Mia tatu tutawaweka wapi?"

Akakata simu. Baada ya nusu saa yuko mlangoni. Mwenyekiti huyu ndiye aliyeanzisha klabu, uwanja aliufyeka kwa mikono yake, na naelewa anachoogopa: kuonekana wadogo. Alikaa saa nzima. Nikamweleza kwamba namba tunayoiandika leo ndiyo tutakayopimwa nayo kwenye ripoti, na kwamba watoto 182 wasiokuwepo hawatasaini mahudhurio. Alinyamaza sana. Mwishowe akasimama.

"Haya, andika hao wako. Lakini tukikosa, wewe ndiye utakayesimama mbele ya wazazi."

"Nitasimama, mzee."

Nikaandika 118. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, sijui kwa hasira au kwa uchovu.

Sehemu ya uhalali wa mradi, yaani kwa nini unahitajika, ina nafasi ya herufi 1,500 tu, na nafasi tupu nazo zinahesabiwa. Natumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku, yaani 420 kwa wiki. Rasimu ya kocha ilisema klabu "inawatosheleza watoto". Nikaifuta. Mazoezi yetu ni mara 3 kwa wiki, dakika 90 kila mara, jumla 270. Nikaandika hivyo hivyo, 270 kati ya 420. Naona sentensi hiyo ndiyo bora katika andiko zima, kwa sababu inaonyesha tulipo na panapopungua.

Mchana umekwenda. Jumla ya bajeti kwenye jedwali haifanani na jumla ya kwenye fomu, na natafuta kosa mpaka macho yanauma: posho ya makocha imepigwa kwa miezi 12 huku, kwa miezi 10 kule. Profoma, yaani hati ya bei kutoka kwa muuzaji, ya vifaa vya huduma ya kwanza haina tarehe. Mweka hazina yuko kazini kwake na saini zinatakiwa mbili, basi namfuata, tunasainia juu ya boneti ya gari. Nikipiga skani kivuli cha kidole changu kinafunika muhuri. Narudia. Faili ni kubwa, mfumo unalikataa. Nalipunguza, muhuri hausomeki. Narudia tena. Giza limeingia, nasikia watoto wakipita wanarudi kutoka mazoezini, na mimi leo sijakanyaga uwanja.

Saa 3 na dakika 20 usiku nikabonyeza kutuma. Namba ya kumbukumbu ikaja kwa barua pepe, nikainakili kwenye daftari, nikaisambaza kwa viongozi. Mwenyekiti akajibu neno moja: "Hongera."

Majibu ni baada ya wiki 12. Kesho asubuhi naanza ripoti ya ile ruzuku ndogo ya mwaka jana. Risiti mbili za nauli bado sijaziona.